Kutoka Ndoo ya Mipira Hadi Ukocha Mkuu: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Kocha wa Softiboli katika Vyuo vya Marekani

Kazi yangu ya kwanza kwenye softiboli ya chuo ilikuwa kuokota mipira. Ndoo mbili za plastiki, mipira arobaini na kitu, ya njano iliyokolea kama embe bivu, na kila jioni sharti ihesabiwe kabla taa za uwanja hazijazimwa. Ilikuwa Februari, huko Kansas, upepo unakata masikio, nami mtoto wa Mombasa nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Nilidhani nimekuja kuonyesha kwamba naujua mchezo. Wiki ya tatu ndipo nikatambua kwamba kocha mkuu hakuwa na haja na ninachojua. Alikuwa akitazama kama ndoo zinarudi zimejaa.

Nimeanza na ndoo kwa sababu wengi wanaoniuliza njia ya kuingia kwenye kazi hii huuliza kwanza habari za cheti. Cheti kinahitajika, nitakifikia. Lakini ajira nyingi za ukocha wa softiboli humwendea mtu ambaye kocha mmoja amemwona akifanya kazi, akampigia simu mwenzake akamwambia, "Huyu mchukue." Kila hatua iliyo hapa chini inalenga simu hiyo.

Ujue kwanza unaingia mchezo gani

Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo, siku ya sikukuu ya Shukrani. Vijana wa Farragut Boat Club walikaza glovu ya ndondi kwa kamba ikawa mpira, na mpini wa ufagio ukawa kigongo. Leo vyuoni ni mchezo wa wanawake, na anayeuita besiboli ya akina dada hujulikana mara moja kwamba ni mgeni.

Mrushaji hurusha kwa mkono wa chini, mkono mzima ukizunguka kama pangaboi, kutoka futi 43, yaani mita 13.1. Kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 60, mita 18.3. Mechi ni zamu saba. Mrushaji mzuri wa chuo hufikisha maili 65 kwa saa, kama kilomita 105, na kwa kuwa huachia mpira akiwa ameshapiga hatua ndefu mbele, mpigaji hubakiwa na takriban sekunde 0.4 za kuamua. Kwa hiyo kila kitu uwanjani ni cha haraka na cha karibu: mlinzi akibabaika kidogo tu kuutoa mpira kwenye glovu, mkimbiaji ameshafika.

Waliocheza raunda katika shule za msingi za Kenya wataona ndugu wa karibu hapa, ila sheria zina meno. Mkimbiaji hawezi kuachana na besi yake mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Mchezaji aliyeanza mechi anaweza kutolewa kisha akarudishwa mara moja. Kuna pia utaratibu wa mpigaji maalum anayepiga kwa niaba ya mlinzi mmoja, hivyo karatasi ya kikosi huwa na majina kumi. Karatasi hiyo imewatia aibu makocha wasaidizi wengi. Jifunze kuijaza mpaka uweze kuijaza usingizini.

Jifunze pia kuandika kumbukumbu za mechi kwa mkono. Kila nafasi ina namba yake: mrushaji 1, mdakaji 2, na kuendelea hadi 9. Ukiandika 6-3, anayejua husoma kwamba shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, alidaka mpira wa chini akamtupia mlinzi wa besi ya kwanza. Chukua mechi kumi zilizorekodiwa, keti na daftari, andika kila mpira. Hakuna somo la bure lililonifaa kuliko hilo.

Ngazi zenyewe

Chama kikuu cha michezo ya vyuo ni NCAA, chenye madaraja matatu. Daraja la Kwanza lina karibu timu 300, na ndilo linaloonekana kwenye televisheni. La Pili lina ufadhili mdogo zaidi. La Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, ingawa lina timu nyingi kuliko yote. Pembeni kuna vyama vingine: NAIA, ambamo vyuo vingi ni vidogo na vya binafsi, na NJCAA ya vyuo vya miaka miwili. California vyuo vyake vya miaka miwili vina chama chao wenyewe.

Mgeni hutazama juu tu, kule Oklahoma City, ambako fainali za Daraja la Kwanza huchezwa takriban kila mwaka tangu 1990. Lakini tazama walikotoka wakubwa. Patty Gasso, aliyeipa Oklahoma mataji manane, manne kati ya hayo mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, alitoka Long Beach City College, chuo cha miaka miwili. Mike Candrea, aliyechukua mataji manane na Arizona na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 2004 akiwa na timu ya Marekani, naye alitoka chuo cha miaka miwili, Central Arizona College. Si bahati tu. Katika chuo kidogo unapanga mazoezi, unaendesha basi dogo, unaweka chokaa kwenye mistari, unaagiza sare na unazungumza na mzazi aliyekasirika, vyote kabla ya saa nane mchana. Katika chuo kikubwa kila moja ya kazi hizo ina mtu wake, na kijana anayeanzia huko anaweza kumaliza miaka mitatu akikata video tu.

Kwa hiyo ushauri wangu, na wapo wanaoubisha, ni kuanzia chini mahali unapopewa mengi badala ya juu mahali unapopewa kiti.

Shahada

Shahada ya kwanza ni lazima karibu kila mahali. Somo lenyewe si hoja kubwa: elimu ya michezo, saikolojia, biashara, zote zinapita. Shahada ya uzamili inapendelewa, na ndiyo inayofungua njia ninayoipenda zaidi, ya kuwa kocha mwanafunzi. Chuo hukusamehe ada yote au sehemu, hukupa posho ndogo, wakati mwingine na chumba, nawe unafanya kazi na timu huku ukisoma. Nafasi hizi zimejaa katika NAIA na Daraja la Pili na la Tatu. Hutangazwa zaidi kati ya Aprili na Julai, wakati waliomaliza wanaondoka.

Ongeza huduma ya kwanza pamoja na kufufua moyo, mafunzo ya kuwalinda wachezaji dhidi ya unyanyasaji, na leseni ya udereva isiyo na madoa. Usicheke hiyo leseni. Kwenye chuo kidogo, msaidizi asiyeweza kuendesha basi dogo ni nusu ya msaidizi.

Pata kitu kimoja unachokijua kuliko wenzako

Makocha wanaoweza kuendesha mazoezi ya kupiga ni wengi. Wanaoweza kumnoa mrushaji ni wachache, na timu bila mrushaji haina msimu. Ukitaka ujuzi utakaokulisha, jifunze urushaji. Ukishindwa, jifunze udakaji.

Nikuonyeshe jambo dogo. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na msichana mwenye nguvu nyingi ambaye mpira wake wa kuzama ulikataa kuzama. Ulikwenda moja kwa moja kifuani mwa mpigaji, na wapigaji wakawa wanaupiga watakavyo. Alikuwa ameambiwa na kila mtu "kunja kifundo zaidi", akawa anakunja mpaka mkono unamuuma. Nilichukua mpira, nikauzungushia utepe mweusi katikati, nikamwambia aurushe kutoka hatua saba tu, polepole. Mzunguko ukiwa sawa, utepe huonekana kama mstari mmoja mweusi uliotulia hewani. Wa kwake ulikuwa unayumba kama gurudumu la baiskeli iliyopinda rimu. Tatizo halikuwa kifundo. Alikuwa anapiga hatua ndefu mno, uzito unabaki nyuma, na mkono unapita chini ya mpira badala ya juu yake. Tukafupisha hatua kwa kama wayo mmoja, nikamtaka amalize kifua kikiwa juu ya goti la mbele. Mipira thelathini baadaye utepe ukatulia. Hakusema kitu, alinitazama tu, akachukua mpira mwingine.

Ujuzi huo nilikuwa nimeuokota mezani kwa makocha wengine wakati wa chakula, kwenye kambi ya kiangazi. Chama cha makocha wa mchezo huu, NFCA, huendesha kozi na mkutano mkuu kila Desemba. Uanachama wa msaidizi chipukizi si ghali ukilinganisha na faida yake, na korido za mkutano ule ndizo soko halisi la ajira. Nenda na viatu vya kutembelea.

Mlango wa kuingilia

Kila kiangazi vyuo huendesha kambi za wasichana wa sekondari, na kila kambi hupungukiwa na mikono. Andikia makocha ishirini walio umbali unaoweza kusafiri. Barua iwe fupi: wewe nani, unaweza kufundisha nini, siku gani uko huru, na kwamba utalala popote. Usiambatishe falsafa yako ya ukocha, hakuna atakayeisoma.

Ukifika, fika kabla ya wenyeji. Jifunze kutengeneza uwanja. Uwanja wa ndani wa softiboli hauna nyasi, ni udongo mtupu, na udongo huo una tabia. Ukinyweshewa maji machache, unakuwa mgumu mpira unaruka kama kwenye lami. Yakizidi, mchezaji anateleza. Reki huvutwa kwa mzunguko, na hukomeshwa kabla ya kufikia ukingo wa nyasi, maana ukiisukuma hadi kwenye nyasi, udongo hurundikana na baada ya mwezi una tuta linalorusha mpira usoni mwa mlinzi. Futi 43 hupimwa kutoka ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani hadi ukingo wa mbele wa bamba la mrushaji. Kijana anayeyajua haya bila kuambiwa hukumbukwa.

Ukiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza na hujawahi kucheza chuoni, omba kuwa meneja wa timu. Ndiyo, mwenye ndoo.

Wanaume nao wamo katika kazi hii, na wageni pia. Mike White, aliyeiongoza Texas kutwaa taji lake la kwanza mwaka 2025, ni mzaliwa wa New Zealand.

Usaili: swali watakalokuuliza

Katika chuo kidogo cha binafsi, mkurugenzi wa michezo atazungumza kidogo kuhusu ushindi, kisha atakuuliza, "Utaleta wachezaji wangapi?" Mara ya kwanza nilidhani anauliza habari ya vipaji. Alikuwa anauliza habari ya ada. Vyuo hivi huishi kwa karo, na timu ya wasichana thelathini ni wanafunzi thelathini ambao pengine wasingekuja. Kocha ni ofisa wa udahili aliyevaa kofia ya michezo. Nenda na jibu: mwaka wa kwanza nitaleta wangapi, kutoka majimbo yapi, nitatazama mashindano gani, bajeti ya safari ni kiasi gani.

Nenda pia na mpango wa mazoezi wa wiki mbili ulioandikwa kwa dakika. Na jibu la nini utafanya mvua ikinyesha Alhamisi na mechi ni Ijumaa. Mimi nililijibu hilo kwa kueleza jinsi ya kukunja turubai ili maji yasimwagikie besi ya tatu, na niliona mkurugenzi akiandika.

Usajili, ambako ndiko kazi iliko

Ukitaka kujua kama kazi hii inakufaa, usijiulize kama unapenda softiboli. Jiulize kama unaweza kuandika barua pepe sitini Jumatatu usiku, kila moja kwa jina la mtu wake, halafu Jumanne ukaanza upya.

Nasema kwa jina la mtu wake kwa sababu niliwahi kunakili barua na kusahau kubadilisha jina. Msichana wa Nebraska akasoma jinsi nilivyopendezwa na mkono wa msichana wa Oklahoma. Mama yake akanijibu kwa mstari mmoja wa adabu ulioniuma kuliko tusi. Tangu siku hiyo naandika jina kwanza, kisha barua.

Julai ndiyo mwezi wenyewe. Vilabu vya wasichana hukusanyika kwenye mashindano makubwa, Colorado na kusini mwa California hasa, na makocha hukaa nyuma ya uzio na viti vya kukunja, saa ya kusimamisha na bunduki ya kupima kasi. Makocha wakubwa hujazana uwanja namba moja. Wewe wa chuo kidogo nenda uwanja namba tisa, saa mbili asubuhi, ukamtafute aliyeachwa kwa sababu ni mfupi.

Vipimo vina kazi yake. Mdakaji anapotupa besi ya pili, umbali wa karibu mita 26, pima kutoka mlio wa mpira kwenye glovu yake hadi mlio kwenye glovu ya mwenzake: sekunde 1.8 ni nzuri sana kwa ngazi yetu. Mpigaji wa mkono wa kushoto anayepiga huku tayari anakimbia, akifika besi ya kwanza kwa sekunde 2.8 au pungufu, weka alama. Lakini mimi huandika zaidi linalotokea baada ya kosa. Mlinzi ameachia mpira, pointi mbili zimeingia: je, mpira unaofuata anautaka uje kwake? Utaona miguuni. Anayeutaka husogea hatua moja mbele. Asiyeutaka hurekebisha kofia.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo wasaidizi wengi huchemsha. Katika Daraja la Kwanza, hadi hivi karibuni timu iligawiwa ufadhili kamili 12 tu, kocha akaukatakata kama muwa kwa wachezaji ishirini. Makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, yalibadilisha hesabu: vyuo vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wachezaji 25 badala ya kikomo cha ufadhili, na vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Huku kwetu chini, mzazi anakuuliza jambo rahisi zaidi: "Mwisho wa siku nitalipa ngapi?" Jua kuunganisha ufadhili wa michezo, wa maksi, msaada wa serikali na mkopo, umwambie jumla kwa mwaka na kwa miaka minne. Ada iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo cha binafsi mara nyingi siyo anayolipa mtu. Usimwahidi chochote ambacho ofisi ya fedha haijakiandika.

Kuna jingine lililoongeza uzito wa kazi: lango la uhamisho, lililofunguliwa Oktoba 2018. Mchezaji anaingiza jina lake na vyuo vingine vinaruhusiwa kumtongoza. Mwaka 2024 mrushaji NiJaree Canady aliondoka Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba wa matangazo ulioripotiwa kupita dola milioni moja, na msimu uliofuata akaifikisha timu hiyo fainali. Huko ni juu. Kwetu lango lina maana kwamba msichana uliyemlea miaka miwili huenda akakuaga Mei kwa ujumbe wa simu. Usimjibu ukiwa na hasira. Wengine hurudi, na wote wana wadogo zao.

Sheria

Soma kitabu cha sheria za usajili cha daraja lako, chote, kila mwaka. Katika Daraja la Kwanza huruhusiwi kuzungumza habari ya usajili na msichana kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa darasa la 11. Ukikutana naye kibandani mnanunua maji, salimia upite. NAIA ina uhuru mkubwa zaidi, na hiyo ni nafasi ya mdogo kumwahi mkubwa. Saa za mazoezi katika Daraja la Kwanza hazizidi 20 kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ni ya mapumziko. Daraja hilohilo liliondoa cheo cha kocha wa kujitolea mwaka 2023, na softiboli ikapata nafasi ya msaidizi wa tatu anayeweza kulipwa. Nafasi hizo nyingi zilichukuliwa na vijana waliokuwa wakifanya kazi ileile bure.

Mwaka ulivyo

Agosti wanafunzi wanafika, na wiki ya kwanza ni ya karatasi za daktari. Vuli ni ya kufundisha hasa: hapo ndipo unaweza kubadilisha mkono wa mrushaji, kwa sababu hakuna kinachohesabiwa. Desemba ni mkutano wa makocha. Januari mazoezi yako ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, na mpira unaruka vibaya kwenye mbao. Februari mechi zinaanza, na timu za kaskazini hukimbilia Florida na Arizona kutafuta joto. Machi huko Kansas unaweza kupiga theluji koleo asubuhi na kucheza mechi mbili mchana. Kikomo cha Daraja la Kwanza ni mechi 56. Mei ni mashindano ya kanda, na kabla ya Juni kuisha wanane wa mwisho wameshakutana Oklahoma City. Wewe wakati huo uko kambini, au barabarani na kiti chako cha kukunja.

Mapenzi na ndoa katika ratiba hii yanahitaji mtu mwenye kazi yake na marafiki wake. Naliacha hapo.

Viza, kwa msomaji wa Nairobi, Dar au Kampala

Njia iliyonyooka ni masomo. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na nafasi ya kocha mwanafunzi huangukia humo. Baada ya kuhitimu una hadi miezi 12 ya mafunzo ya kazi katika fani uliyosomea, kwa hiyo chagua shahada inayohusiana na ukocha, la sivyo ofisa atakuuliza uhasibu na softiboli vimekutana wapi. Usikubali kujitolea katika nafasi ambayo kwa kawaida hulipwa kabla ya kuiuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Huo ni mtego, na anayeumia ni wewe.

Kwa H-1B, yaani viza ya kazi, vyuo vya elimu ya juu haviingii kwenye bahati nasibu ya kila mwaka, na hiyo ni faida kubwa. Lakini tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani, na hakuna chuo kidogo kitakacholipa hiyo kwa ajili ya msaidizi. Aliye tayari ndani kama mwanafunzi yuko mahali pazuri zaidi kuliko anayeomba kutoka nje. Zungumza na wakili kabla ya kusaini.

Ukiwa bado nyumbani, usikae bure. Vyama vya besiboli na softiboli vipo Kenya, Uganda na Tanzania, na vyote vina njaa ya waamuzi na watunza kumbukumbu. Baseball5, mchezo mdogo wa mkono mtupu usiohitaji kigongo wala glovu, umeingizwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na ni mahali pa kujifunzia kupanga mazoezi ya watu halisi. Rekodi video ya dakika nane ukifundisha, sauti isikike. Hiyo video ina thamani kuliko barua tatu za utambulisho.

Pesa na mkataba

Kileleni zipo: mshahara wa Gasso umepita dola milioni moja kwa mwaka. Chini, msaidizi wa chuo kidogo anaweza kupata maelfu machache ya dola kwa msimu na kitanda kwenye bweni. Mishahara ya vyuo vikuu vya umma ni kumbukumbu za wazi katika majimbo mengi, kwa hiyo kabla ya kutaja bei yako katafute aliyekutangulia alilipwa ngapi. Mwanamke aangalie pia kocha wa besiboli wa chuo hichohicho anapata ngapi. Carol Hutchins, aliyestaafu Michigan mwaka 2022 akiwa na ushindi 1,707, alipokuwa mchezaji wa mpira wa kikapu alikuwa miongoni mwa wasichana walioshtaki chuo chao mwaka 1979 kwa kutotendewa sawa na wavulana. Kifungu cha IX cha sheria ya 1972, kinachokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, kipo, ila hakijitekelezi chenyewe.

Ukipewa ukocha mkuu, mkataba wa mwaka mmoja mmoja ni wa kawaida huku chini. Uliza mambo manne na uyapate kwa maandishi. Nani analipa mafuta ya safari za usajili, na analipa kabla au unarudishiwa? Kambi ya kiangazi ni mali ya chuo au ni yako? Bajeti ya msaidizi ni fedha au ni matumaini? Na ukiondolewa Mei, nyumba ya chuo unaiachia lini? Mimi hilo la nne sikuliuliza. Nilipewa siku kumi, nikahamisha vitu vyangu kwa basi dogo la timu nililoazimwa na kocha wa mpira wa wavu, na ndoo mbili za mipira nyuma, ambazo zilikuwa zangu kwa sababu stakabadhi nilikuwa nayo.